Jina la Ugonjwa na Haki ya Mgonjwa

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuyakwepa, mojawapo ni hili: jina lina kazi gani kwa yule anayepewa? Aghalabu swali hili tunalijadili tunapozungumzia istilahi, tukabishana kama neno fulani lifaa kukopwa au kusanifiwa upya. Katika makala haya tumekusudia kulipeleka swali hilo kwenye kitanda cha mgonjwa, mahali ambapo jina laweza kuwa suala la uzima na mauti. Tunauliza: je, mgonjwa ana haki ya kupewa jina la ugonjwa wake? Na kama anayo haki hiyo, je, tabibu anaruhusiwa kumpa jina ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo, ili mradi moyo wa mgonjwa utulie?

Tumechagua ugonjwa mmoja uwe mfano wetu, ambao huenda wengi wa wasomaji hawajausikia. Wataalamu wa Ulaya na Marekani ndio walioupa jina, nao ndio wanaoendelea kuvutana juu yake. Kwa Kiswahili, humu tutauita sindromu ya mwamko wa seli za masti. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake pande zote mbili za swali letu huonekana waziwazi: kuna wagonjwa wanaoteseka miaka mingi bila kuaminiwa, na kuna watu wanaobandikwa jina hili bila uthibitisho wa kutosha.

Maneno yetu wenyewe

Kabla ya kwenda mbali, tuyatazame maneno tuliyo nayo. Lugha yetu ina kitenzi kuagua, ambacho kwa maana yake ya zamani kilikusanya mambo matatu: kutabiri, kufasiri yaliyofichika, na kuganga. Mwaguzi aliyelifichua jambo ndiye aliyelitibu. Hospitali ilipokuja tukaanza kutumia kitenzi kingine, kupima, ambacho hapo awali kilikuwa cha sokoni na cha fundi seremala. Leo mtu akiugua huambiwa aende akapime, na akirudi huulizwa, "Umepimwa? Wameona nini?"

Jibu moja la swali hilo latupasa tulichunguze kwa makini: "Nimepimwa, hawakuona kitu." Sentensi hii ni sahihi kwa sarufi na kwa maana. Lakini ikishatoka kinywani mwa mgonjwa na kufika masikioni mwa jamaa zake, hugeuka kuwa sentensi nyingine: "Hakuna kitu." Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hujua kwamba sentensi hizo mbili si moja. Ya kwanza yazungumzia macho ya mpimaji, na ya pili yazungumzia mwili wa mgonjwa. Hata hivyo, watu wazima wenye elimu, wakiwamo waganga, huvuka kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili bila kutambua kwamba wamevuka mto. Sehemu kubwa ya tutakayoyasema inatokana na mvuko huo.

Seli za masti

Mwaka 1878, Mjerumani mmoja mwenye umri wa miaka 24, Paul Ehrlich, aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Alikuwa akizitia rangi tishu za mwili ili azione vizuri kwa hadubini, na humo akaona seli zilizojaa chembechembe nyingi mno. Alidhani kwamba seli hizo zimelishwa zikashiba, kwa hiyo akaziita Mastzellen, kutokana na neno la Kijerumani lihusulo kunenepesha mifugo.

Hapa mwalimu wa lugha na asimame kidogo. Neno hilo lilipoingia katika Kiingereza lilibaki na umbo lake, na umbo hilo hufanana kabisa na neno la Kiingereza la mlingoti wa jahazi. Mfasiri anayekimbilia kamusi bila kuuliza asili ya neno ataandika "seli za mlingoti", na msomaji wake atabaki akilitafuta tanga. Wala tusimlaumu mfasiri peke yake, kwani hata Ehrlich mwenyewe, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa kazi yake ya kinga ya mwili, alilitoa jina kabla ya kuijua kazi ya kitu alichokipa jina. Chembechembe zile si chakula. Mwaka 1953 James Riley na Geoffrey West, waliokuwa wakifanya kazi Dundee, huko Scotland, walionyesha kwamba seli hizo ni ghala la histamini. Yaani jina lilitangulia maarifa kwa miaka 75, nalo limebaki vilevile hadi leo. Tuliweke hili akilini.

Seli za masti zimetapakaa mwilini, hasa pale mwili unapokutana na ulimwengu wa nje: katika ngozi, katika njia za hewa, katika utumbo, na kandokando ya mishipa ya damu. Kazi yake yafanana na ya walinzi wa lango. Zikihisi adui, kama vile vimelea au sumu ya nyuki, humwaga histamini pamoja na kemikali nyingine nyingi. Kemikali hizo hutanua mishipa ya damu na kuifanya ivuje, huleta mwasho na uvimbe, hubana njia za hewa, na huusukuma utumbo utapike au uharishe. Kwa kiasi chake, huo ni ulinzi. Zikimwagwa kwa wingi na kwa ghafula, shinikizo la damu huporomoka, koo huvimba, na mtu aweza kufa katika dakika chache. Hali hiyo huitwa anafilaksisi, jina lililotolewa mwaka 1902 na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, upande wa nje, nayo haifai kucheleweshwa.

Basi wako watu ambao walinzi wao huamka mara kwa mara, pengine kwa sababu ndogo kama joto, mwendo mkali, msuguano wa ngozi au chakula fulani, na pengine bila sababu yoyote inayojulikana. Leo ngozi huwasha, kesho tumbo husokota, kesho kutwa mtu huona kizunguzungu akazirai. Baada ya saa chache yote hupita. Anapofika kwa daktari siku ya tatu, mwili umetulia, na daktari humwona mtu mzima asiye na homa wala kidonda.

Kipimo na saa yake

Mwaka 2010 Cem Akin, Peter Valent na Dean Metcalfe walipendekeza masharti ya kuutambua ugonjwa huu, na mwaka 2012 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali likachapisha maafikiano yaliyoyajenga katika nguzo tatu. Nguzo ya kwanza ni dalili zenyewe: ziwe zinakuja na kurudi, na ziguse angalau sehemu mbili tofauti za mwili, kwa mfano ngozi pamoja na utumbo, au moyo pamoja na mapafu. Ya pili ni ushahidi wa maabara kwamba seli za masti zimemwaga vilivyomo ndani yake. Ya tatu ni kwamba mgonjwa apate nafuu kwa dawa zinazozuia kemikali hizo au umwagaji wake. Nguzo zote tatu sharti zisimame pamoja.

Ushahidi wa maabara unaoaminika zaidi ni kimeng'enya kiitwacho triptasi. Damu yapaswa ichukuliwe wakati wa shambulio, isipite muda wa saa 4 tangu lilipoanza. Kisha ichukuliwe tena siku ya utulivu, zikiisha kupita angalau saa 24 tangu dalili zilipokoma, ili kipatikane kiwango cha kawaida cha mtu huyo. Kiwango cha shambulio sharti kizidi kile cha kawaida kwa asilimia 20, na juu yake nanogramu 2 kwa kila mililita.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu ambaye kiwango chake cha siku zote ni 5, asilimia 20 yake ni 1. Ukijumlisha 2 wapata 8. Akifika 9 wakati wa shambulio, ushahidi umepatikana. Lakini maabara nyingi huhesabu kila kilicho chini ya 11.4 kuwa ni cha kawaida. Karatasi ya mtu huyo itaandikwa "kawaida", na daktari asiyejua hesabu hii atamrudisha nyumbani. Kinyume chake, mtu ambaye kiwango chake cha siku zote ni 13, akionyesha 14 siku ya kuugua, karatasi yake itaonyesha kwamba amevuka mpaka. Lakini kwa hesabu ileile angehitaji kufika 17.6, kwa hiyo hajathibitisha mwamko wowote. Huenda amezaliwa na nakala za ziada za jeni ya triptasi, hali iliyoelezwa mwaka 2016, au ana tatizo jingine la kuchunguzwa.

Katika hesabu hii kavu sisi twaona fundisho la maadili. Mgonjwa hapimwi kwa wastani wa umati tu. Hulinganishwa na nafsi yake mwenyewe ya jana. Kumtendea mtu haki ni kumjua kwanza alivyo katika siku yake njema, na hilo haliwezekani kwa daktari anayemwona kwa dakika tano mara moja kwa mwaka.

Dhuluma ya kwanza: kutoaminiwa

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari huku Uganda, alipatwa na mashambulio ya namna hii kwa miaka sita. Mwili ulikuwa ukimwasha kutoka nyayo hadi utosi, tumbo likimsokota, moyo ukimwenda mbio, kisha huanguka. Katika zahanati moja aliambiwa ni malaria. Katika nyingine aliambiwa ni homa ya matumbo, na katika ya tatu vidonda vya tumbo. Dawa zote alizinywa akazimaliza. Mwishowe daktari wa hospitali moja alimwambia, "Mwalimu, wewe huna ugonjwa. Una mawazo mengi. Punguza mawazo."

Tuangalie yaliyofuata, maana hapo ndipo uzito wa swali letu ulipo. Jamaa zake waliposikia kwamba hospitali "haikuona kitu", wakavuka ule mto tuliousema, wakakata shauri kwamba kama mwilini hamna kitu, basi nyuma ya mwili yupo mtu. Lawama ikamwangukia wifi yake, ambaye mara mbili alikuwa amepika chakula kilichotangulia shambulio. Wifi huyo alihama. Hadi leo hajarudi kula katika nyumba ile, na watoto waliolelewa naye hupita mlangoni pake bila kuamkia. Ugonjwa usio na jina humtafuta mshitakiwa. Mtu anayesema kwamba majina ya magonjwa ni mambo ya wataalamu tu, na amwulize wifi yule.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Miranda Fricker, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, aliieleza dhuluma impatayo mtu anapopunguziwa imani kama shahidi, kwa sababu ya fikira potofu walizo nazo wasikilizaji juu ya watu wa aina yake. Mgonjwa ni shahidi wa kwanza wa mwili wake, na kwa mambo mengine ni shahidi wa pekee. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, ushahidi wa mwanamke, wa maskini, wa mtu asiyejua lugha ya daktari, mara nyingi huhesabiwa nusu. Kwa ugonjwa huu kuna na jambo la rangi ya ngozi: vitabu vya tiba hutaja uso kuiva na kuwa mwekundu kama dalili kuu, lakini katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi. Daktari anayetafuta rangi tu hataiona. Anayeuliza, "Je, wasikia joto likikupanda usoni na kifuani?" atapata jibu.

Dhuluma ya pili: jina la haraka

Msomaji aweza kudhani kwamba tumekwisha jibu swali letu: mgonjwa aaminiwe, apewe jina, yaishe. Laiti mambo yangekuwa mepesi hivyo. Tukiishia hapo tutakuwa tumemtoa mgonjwa katika dhuluma moja na kumtia katika nyingine.

Mwaka 2020 Lawrence Afrin na wenzake walichapisha masharti mapana zaidi. Hayalazimishi triptasi ipande. Hukubali vipimo vingine vingi na orodha ndefu ya dalili. Hoja yao ni kwamba masharti finyu huwaacha nje wagonjwa wengi wa kweli. Wenzao wa upande wa pili hujibu kwamba orodha ikiwa ndefu mno, karibu kila mwenye uchovu, maumivu na tumbo lisilotulia ataingia ndani yake, na jina linaloeleza kila kitu huwa halielezi chochote. Tusiharakishe kusema kwamba upande mmoja una huruma na mwingine hauna. Wa kwanza wanaogopa kumwacha mgonjwa barazani. Wa pili wanaogopa kumfungia katika chumba ambacho si chake. Hofu zote mbili zatokana na kumjali mgonjwa.

Na hofu ya pili ina msingi. Kuna uvimbe wa tezi iliyo juu ya figo ambao humwaga homoni na kuufanya moyo uende mbio. Kuna uvimbe wa utumbo unaoleta joto la uso na kuharisha. Kuna mzio wa kawaida wa chakula au dawa, ambao chanzo chake chaweza kujulikana na kuepukwa. Mtu aliyepewa jina la mwamko wa seli za masti kabla ya hayo kuchunguzwa aweza kukaa nalo kwa amani miaka mingi, huku uvimbe ukikua. Wengine, kwa kuogopa kila chakula, huacha kimoja baada ya kingine hata wakadhoofu. Jina lisilo sahihi hufunga mlango wa uchunguzi, kwa kuwa mtu aliyepata jibu haulizi tena.

Sisi wa nchi hizi tunalijua jambo hili vizuri kwa njia nyingine. Katika Kiganda, neno omusujja humaanisha homa, na mara nyingi malaria pia. Ili kuitenga malaria husemwa omusujja gw'ensiri, yaani homa ya mbu. Katika Kiswahili cha mitaani vilevile, anayesikia mwili moto husema, "Nina malaria," kabla ya kupimwa. Kwa miaka mingi tiba nayo ilifuata lugha hiyo: kila homa ya mtoto ilitibiwa kama malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria apimwe vimelea kwanza kabla ya kutibiwa. Sababu mojawapo ni kwamba mtoto mwenye nichimonia, akipewa jina la malaria, hupewa dawa isiyo yake, na muda wa kumwokoa hupita. Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo. Lakini si kila wingu hunyesha, na mkulima anayepanda kwa kila wingu huipoteza mbegu.

Pingamizi moja

Hapa kuna pingamizi ambalo hatuna budi kulikabili. Mtu atasema: "Jina ni la nini? Kama dawa za kuzuia histamini zampa mgonjwa nafuu, na zapatikana dukani kwa bei ndogo, mpeni dawa, mwacheni na maisha yake." Hoja hii ina nguvu, hasa katika nchi ambazo kipimo cha triptasi hakipatikani katika maabara za kawaida.

Tunaijibu kwa mfano wa darasani. Mwanafunzi akipata jibu sahihi la hesabu kwa njia yenye makosa, mwalimu hampi alama zote, kwa sababu kesho hesabu ikibadilika njia ile itamwangusha. Dawa za kuzuia histamini hupunguza mwasho wa asili nyingi, na baadhi yake huleta usingizi, na usingizi wenyewe humfanya mtu ajione nafuu. Ndiyo maana nafuu ni nguzo moja kati ya tatu, na haikuachiwa kubeba paa peke yake. Hata hivyo, pingamizi hilo latufundisha jambo la kweli: mgonjwa hawezi kungojea hadi wataalamu waafikiane. Kutibu dalili na kuutafuta ugonjwa ni kazi mbili zinazoweza kwenda sambamba, mradi ya kwanza isigeuzwe kisingizio cha kuiacha ya pili.

Kwa maoni yetu, basi, haki ya mgonjwa si haki ya kupewa jina lolote. Ni haki ya kutafutiwa jina kwa uaminifu, na kuambiwa wazi utafutaji umefika wapi. Kuna jina la muda na kuna jina la kudumu, na tabibu mwadilifu hasemi la muda kwa sauti ya la kudumu. Tumekwisha kuona jinsi jina la Ehrlich lilivyodumu ingawa fikira iliyolizaa ilianguka. Seli haikudhurika kwa kuitwa vibaya. Mtu hudhurika.

Mwenzetu tuliyemtaja alimpata hatimaye daktari wa namna hiyo. Alimsikiliza kwa muda mrefu, akamtaka aandike katika daftari siku, saa, chakula, joto na kazi aliyokuwa akiifanya kabla ya kila shambulio, kisha akapanga naye jinsi ya kufika upesi damu ichukuliwe. Sampuli zilipelekwa nje ya nchi. Majibu yaliporudi, triptasi haikuwa imepanda kiasi kinachotakiwa. Daktari alimwambia, "Mwalimu, siwezi kukuambia ni ugonjwa ule, kwa maana sina ushahidi. Wala sikuambii huna kitu, kwa maana nimekuona ukianguka. Sijui bado. Tutaendelea kutafuta, na huku tutakulinda." Akampa dawa za kutuliza dalili, akamfundisha yeye na mumewe matumizi ya adrenalini, akawaeleza jamaa zake kwamba mashambulio hayo ni ya mwili. Mwenzetu alituambia kwamba hiyo "sijui" ilimfaa kuliko "najua" zote alizowahi kulipia. Sisi twaamini kwamba hakusema hivyo kwa kutafuta faraja tu. "Sijui bado" ya mtu aliyetafuta ni aina ya maarifa: imeonyesha mpaka ulipo, na imewaachia wengine mahali pa kuanzia.

Wajibu wa kila mmoja

Yatokanayo na haya twaweza kuyasema kwa ufupi. Wajibu wa tabibu ni kusikiliza kabla ya kupima, kupima kwa saa inayofaa, na kutovuka kutoka "sikuona" hadi "hakuna". Wajibu wa mgonjwa ni kuwa shahidi mwema: kueleza yaliyompata bila kuyapunguza kwa aibu wala kuyaongeza kwa hofu, na kukubali kwamba jina alilolipenda laweza kukataliwa na ushahidi. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Naye anayejichagulia maradhi aweza kuumbuliwa vilevile. Wajibu wa jamaa ni kutoligeuza pengo la maarifa kuwa mashitaka dhidi ya mtu.

Na wajibu wetu sisi walimu wa Kiswahili? Huenda ukaonekana mdogo, lakini sisi hatuudharau. Katika miji yetu, daktari na mgonjwa mara nyingi hawana lugha moja ya mama, na Kiswahili ndicho daraja. Wanafunzi wetu huhitimu wakijua kuchambua ushairi na kutaja ngeli zote, lakini wengi hawawezi kutofautisha kuwasha na kuchoma, kichomi na mkazo wa kifua, kizunguzungu na kuzirai, kichefuchefu na kiungulia, kusokotwa na tumbo na kujaa tumbo. Wote husema, "Naumwa." Mtu mwenye neno moja tu la maumivu huingia kwa daktari akiwa nusu bubu, na daktari asiye na subira humjibu kwa jina moja tu la ugonjwa.

Tunapendekeza kwamba katika ratiba zetu tutenge nafasi ya msamiati wa mwili na maradhi, na kwamba zoezi la insha liwe, mara moja kwa muhula, kueleza siku ya kuugua: ilianza saa ngapi, wapi, ikaenda wapi, ikakoma lini, nini kilitangulia. Zoezi hilo litawafunza nyakati za vitenzi na mpangilio wa hoja kama insha nyingine yoyote. Na pale mwanafunzi atakaposimama kati ya somo akasema kwamba mwili wote unamwasha na kwamba haoni vizuri, mwalimu asiseme kwanza kwamba anakwepa mtihani. Amketishe, amsikilize, aitazame saa, na aiandike.